Picha ya Mchezaji kwenye Ukuta wa Baba

Sifa zote ni za Mola, aliyenipa umri wa kusimulia makosa yangu bila kuona haya.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kijana mwenye duka la vipuri hapa mtaani Buyenzi, duka nililorithi kwa baba, alikuja mtu wa suti. Alikuwa anauza ruhusa ya kufungua tawi la maduka ya mafuta ya magari. Karatasi zake zilikuwa na picha na jina la mchezaji mpira aliyependwa mji mzima.

"Patron, bosi wangu, huyu yuko pamoja nasi," akasema akionyesha picha.

Sikuuliza yuko vipi. Nasi watu wa Buyenzi hatufungi mapatano hivyo: kila anayetajwa huketi mkekani na kusema neno lake mbele ya mashahidi. Mimi niliiona picha, nikahesabu kwamba mwenyewe ameketi. Nikalipa, nikatia saini, nikafuta jina la baba ukutani, nikaandika la mchezaji na kubandika picha yake.

Wateja wa baba kutoka mtaa wa Jabe wakapungua. Walidhani duka limeuzwa.

Kisha mchezaji akaja mtaani kutengenezesha gari lake. Nikamkimbilia, nikamwita mshirika wangu. Akatazama ukuta, akacheka, halafu akaacha kucheka.

"We, mi sikujui. Na hii duka siijui."

"Lakini picha ni yako!"

"Walinipiga picha, wakanipa viatu. Mambo ya mafuta, apana."

Mafundi waliokuwa wakilitengeneza gari lake wakaangua kicheko. "Eh, mushirika! Mukaribishe chai basi!"

Nilichanganyikiwa. Picha ilikuwa ya kweli, na mchezaji hakuniahidi kitu. Nimlaumu nani? Nikamwendea maalimu wetu wa msikitini, nikamsimulia yote.

"Mutoto wangu, huyo mchezaji ametia nini humo? Anasimamia kazi, ao uso wake tu?"

"Uso wake tu," nikamjibu.

"Sasa we ulinunua nini?"

Nililirudisha jina la baba. Baadhi ya wateja walirudi, wengine hadi leo sijawaona.

Naambiwa ziko nchi ambako sheria humlazimisha muuzaji aandike wazi mtu maarufu amepewa nini, ametia nini na anasimamia nini. Sijui kama ingenisaidia, maana hata karatasi nilizopewa sikuzisoma.

Mwanangu, ukiuziwa biashara kwa jina la mtu, mtafute mwenye jina kabla ya kutia saini. Asipopatikana, soma karatasi kana kwamba jina lile halimo, kisha jiulize kama bado unaitaka.

Mola akufungulie riziki safi, wewe unayesoma, na akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo. Amina.