Dole la baba kwenye vigae

Jamani, mi nimeaibika mpaka ng'ombe wa kule kijijini Mutaho walicheka.

Baba yangu alikuwa fundi wa vigae vya kuezekea kule kambi ya wakimbizi Tanzania, na tuliporudi kwetu Muyinga akaendelea. Kila kigae kizima alikigonga dole lenye masizi, maana yake amekikubali. Ile harufu ya tanuru bado naisikia.

Sasa kiwanda cha Gitega kimeleta mashine yenye kamera. Inafundishwa kwa picha: hivi vizima, hivi vina ufa. Kuvichagua nikapewa mi. Nikamkumbuka mzee, kila kizima nikakigonga dole la masizi kabla hakijapigwa picha. Roho ikatulia!

Siku ya majaribio patron, bosi wetu, akaleta wateja. Vigae vizuri, visafi, vyote vikawashiwa taa nyekundu, vimekataliwa. Nikaona kazi inaniponyoka. Nikachukua kingine cha pembeni kwa mikono yangu ya masizi, nikakipitisha. Taa ya kijani!

"Hicho kina ufa kama mto Ruvubu!" patron akafoka.

Espérance, fundi wa mashine, akafungua zile picha. "Patron, haitafuti ufa. Inatafuta hii alama nyeusi. Nani kaiweka?"

Wote wakanigeukia. Nikaficha mkono mfukoni haraka, na suruali yenyewe iko nyeupe, ya kanisani.