Makaa Yasiyo na Moshi

Majira yetu ya kwanza ya baridi London, kitu nilichokiogopa kuliko vyote kilikuwa sauti ya mwanangu. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, ana meno ya kutosha kuuma na miguu ya kutosha kukimbia, na chini ya miguu hiyo aliishi mama mwenye nyumba. Alikuwa mjane wa Kiingereza, mrefu, mwenye kichwa kilichomuuma kila siku ya Mungu. Alitupangisha chumba cha juu, huko Woolwich, baada ya nyumba nyingi kutufungia mlango hata salamu hazijesha. Alitupa kwa masharti mawili: mtoto asipige kelele, na chumbani kusipikwe. Tukivunja hata moja, tutoke. Mume wangu alinieleza masharti hayo kwa kunong'ona, utadhani tulikuwa tumeshaanza kusikilizwa.

Tulikuwa wanne katika chumba kile: mimi, mume wangu, mtoto, na mama mkwe wangu. Sisi ni Wahindi wa Mombasa. Tulikuwa na pasi za Kiingereza, na wenye pasi kama zetu walipoanza kunyimwa vibali vya kazi, tulifunga mizigo pamoja na wengine. Mume wangu alipata kazi kiwandani. Alitoka kungali giza na kurudi giza limeshaingia, kwa hiyo mchana ulikuwa wetu, wanawake wawili na mtoto mmoja, na mvua.

Nami sikujua kukaa na mtoto. Nikisema hivi watu hucheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mombasa mtoto alikuwa wa nyumba nzima. Asubuhi yaya alimchukua, akashuka naye uani, na kutoka hapo akapokewa na huyu na yule mpaka jioni anarudi kwangu amekula nyumba tatu na kunuka mafuta ya nazi ya watu nisiowajua. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha na kumlaza. Hata maneno yake ya kwanza alipewa na yaya, ndiyo maana alizungumza Kiswahili tu. Kikachi, lugha yetu ya nyumbani, alikisikia kila siku na akakipuuza kila siku. Wiki zile za kwanza Woolwich alikuwa akienda kusimama mlangoni, anagusa kitasa, anauliza, "Yaya yuwapi?"

"Yuaja," nilimwambia. Jibu jingine lolote lingemliza.

Nje hatukumtoa. Mvua ilinyesha ile ya kwao, isiyo na radi wala haya, inaanza Jumatatu na Ijumaa bado ipo. Kona ya barabara walikuwa wakisimama vijana waliotupigia kelele turudi kwetu, na siku moja mmoja wao alirusha chupa iliyopasuka karibu na miguu yangu. Na juu ya hayo yote kulikuwa na kifua. Tulipofika tu, jamaa mmoja alitusimulia habari ya mtoto wa Kihindi aliyeingiwa na baridi kifuani na kufa kabla majira hayajageuka. Mama mkwe wangu aliipokea habari ile na hakuiachilia tena. Alisema baridi huingia kwa nyayo na kwa masikio, basi mtoto akavaa soksi mbili mbili na kofia mchana kutwa. Mimi nilikuwa nikimsikiliza anavyopumua, nikihesabu pumzi zake kama mpumbavu.

Kisha tukaziba chumba. Dirisha lilipitisha upepo kila upande, hivyo mama mkwe wangu alikoroga unga na maji ya moto, akapata gundi, na tukabandika magazeti kwenye nyufa zote, safu juu ya safu. Tulibandika hata kwenye tundu dogo la hewa ukutani, lile lenye kiwavu cha chuma. Tuliliona ni uzembe wa fundi. Nani ajenge nyumba katika nchi ya baridi halafu aache tundu ukutani? Chini ya mlango tulisokota taulo. Mume wangu aliporudi alisimama katikati ya chumba, akanyoosha mkono hewani, akatabasamu. Hapakuwa na upepo hata kidogo.

Sasa mchezeshe mtoto ndani ya kisanduku hicho, kimya, tangu asubuhi hadi usiku. Tulimfunika kanga tukamfunua. Tulimpa mkebe wa vifungo. Kwetu watoto hukaa na wakubwa wakichambua dengu, nasi tukampa sinia ya dengu achambue, lakini dengu za London hazikuwa na mawe, hivyo bibi yake alimchanganyia vifungo ili apate kazi. Alivichambua vyote, akameza kimoja, akamwaga dengu, akaanza kukimbia. Akikimbia tu, mama mwenye nyumba aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Mtoto alisimama, akaangalia sakafu, akaitika kwa adabu aliyofunzwa na yaya: "Karibu!"

Mama mkwe wangu alicheka hadi akajifunika mdomo kwa mtandio. Mimi sikucheka. Kila ufagio ulipogonga niliona masanduku yetu yako barabarani, mtoto ameketi juu yake, mvua inamnyeshea. Alipolia nilimziba mdomo kwa kiganja. Kwa upole, ndiyo, lakini nilimziba, na naye akawa ananitazama juu ya mkono wangu kwa macho makubwa.

Kilichotuokoa kilikuwa jiko. Mama mkwe wangu alikuwa ameleta jiko lake la makaa kutoka Mombasa ndani ya sanduku, limefungwa kanga mbili, na sote tulimcheka kule bandarini. Mvua ilipokolea alilitoa chini ya kitanda. Wachuuzi walipita na lori wakiuza makaa, na mume wangu aligundua kuna aina isiyotoa moshi. Tulifurahi kupita kiasi. Bila moshi hakuna harufu, na bila harufu mama mwenye nyumba hajui. Tuliwasha jiko uani akiwa amekwenda sokoni, tukalipandisha ngazi upesi upesi, tukarudisha taulo mlangoni.

Juu ya makaa yale mama mkwe wangu alipika chapati nyembamba zisizo na mafuta, zile zinazofura. Alitoa moja kwenye kikaango, akaiweka juu ya moto kwa koleo, na chapati ikavuta pumzi, ikainuka, ikawa mpira. Mtoto aliganda. Kisha akacheka, kicheko kile cha tumboni ambacho sikukisikia tangu tuondoke nyumbani. "Tena," alisema. Bibi akafanya tena. Tangu siku ile, kila alasiri palikuwa na chapati. Mtoto alikaa kwenye mkeka bila kukimbia, bila kulia, anangoja moja ifure. Chumba kilipata joto. Tulikula tukashiba, na ufagio ukanyamaza. Nilianza kufikiri labda tutafika majira ya jua.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri, na kufikia swala ya alasiri kulikuwa na kiza. Jiko lilikuwa limejaa kuliko kawaida, kwa sababu ya baridi. Chapati ya kwanza ilifura na mtoto akacheka. Ya pili aliitazama tu. Ya tatu hakuitazama, aliweka kichwa kwenye paja la bibi yake na kufumba macho.

"Yuwalala," mama mkwe wangu alisema, akapiga mwayo. "Na mimi nijinyooshe kidogo."

Alimpandisha kitandani, akalala kando yake. Nami nilifurahi. Nikisema ukweli wote, nilimshukuru Mungu kwa ukimya ule. Nilikaa chini karibu na jiko nikishona soksi. Kichwa kilinigonga na moyo ulichafuka, na wazo lililonijia ni kwamba nina mimba. Nilishtuka sana. Mtoto wa pili katika chumba hiki? Tutamficha wapi? Nilikaa na hofu hiyo isiyo yenyewe muda mrefu, huku ile yenyewe imelala kitandani nyuma yangu.

Haja ndiyo iliyoniinua. Choo kilikuwa nje, uani, nami nilichukua kopo langu la maji na kushuka ngazi nikishika ukuta. Uani mvua ilinipiga usoni, nikapumua, na baada ya kupumua mara chache kichwa kilianza kunyooka. Nilisimama pale na kopo mkononi, nalowa, nasikia raha. Kisha nikajiuliza mbona nje ni mzima na ndani nilikuwa mgonjwa.

Ndipo nilipomkumbuka askari. Binamu wa mume wangu alikuwa Nairobi, na aliwahi kutuhadithia habari ya askari wa zamu aliyejifungia kibandani na jiko wakati wa baridi, akakutwa asubuhi amekaa vile vile, ameuawa na hewa ya makaa. Sisi wa Mombasa tulisikitika, lakini hatukuielewa. Kwetu madirisha hayafungwi, na nani alale na moto katika joto lile? Iliingia sikio hili ikatoka hili. Pale uani ilirudi yote. Na nikatambua kwamba sikumsikia mwanangu, hata kukohoa, tangu chapati ya tatu.

Sikumbuki ngazi. Namkumbuka mtoto kitandani, midomo yake myekundu, mizuri, na mimi nikiuona uzuri huo kabla ya kuelewa kuwa ni sumu ya makaa. Nilimwita. Nilimtikisa, na kichwa kilikwenda kilikotaka. Nilimwita mama mkwe wangu, nikamvuta mkono, akaguna na mkono ukaanguka. Nilivuta dirisha, nikararua magazeti kwa kucha, halikufunguka. Kizunguzungu kilianza tena. Nilikuwa na mikono miwili tu, basi nikamchukua mtoto.

Nilishuka naye nikipiga kelele. Nilipita mbele ya mlango wa mama mwenye nyumba nikipiga kelele, nikatoka barabarani bila viatu. Tulikuwa tumemficha mvua ile tangu tufike, kwa soksi na kofia na gundi ya unga. Sasa nilimvua kofia, nikamgeuza uso juu, nikamwachia mvua imnyeshee yote.

"Lia," nilimwambia. "Lia, baba. Lia."

Mama mwenye nyumba alitoka na ufagio wake mkononi. Kiingereza nilikuwa nacho, nimekisoma shule, lakini hakuna neno lililokuja. Nilisema, "Jiko! Mama yuko juu! Jiko!" Akanitazama, akamtazama mtoto, akaangalia mlango ulioachwa wazi kule juu ya ngazi. Akapanda. Nilisikia kioo kikivunjika, kisha nikaona mpini wa ufagio umetokeza dirishani na magazeti yetu yakishuka yameloa. Baadaye kidogo alionekana akimkokota mama mkwe wangu ngazi moja moja, na njia nzima alikuwa akimgombeza.

Mimi nilimtazama mwanangu tu. Maji yaliingia machoni mwake na hakupepesa. Nilimpiga mgongoni, nilimsugua nyayo, nilimwomba. Majirani wamefungua madirisha, wale vijana wa kona wamesimama kimya, na sikumjali yeyote. Kope moja ikacheza. Akatapika kifuani pangu. Halafu ikatoka sauti ndogo, ikakatika, na baada yake kilio. Alilia mtaa mzima ukasikia. Kila alipopunguza nilimsugua tena kwa hofu ili aongeze.

Hospitali waliwawekea hewa, yeye na bibi yake, vitanda viwili vya jirani. Daktari alisema wamewahi. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kunisifu tangu harusi, alivua kile kifuniko cha mdomo akaniuliza, "Ulimtoa nani kwanza?"

"Mtoto."

"Na mimi ukaniacha."

"Nilikuacha, Mama."

"Haya basi," alisema. Akakirudisha kifuniko mdomoni, akanishika mkono, na hakuuachia mpaka mume wangu alipofika.

Mama mwenye nyumba alitutoa. Masharti ni masharti, alisema, na alisema akiwa ameshika upande mmoja wa sanduku letu, anatusaidia kulifikisha langoni. Sikumchukia. Jiko mama mkwe wangu alilitupa mwenyewe.

Mwanangu sasa ana mvi. Huja kunitembelea na mjukuu wangu mdogo, na kila Januari ni ugomvi ule ule: anakuta dirisha langu liko wazi, ananiambia kwa Kiingereza kwamba nitajiua kwa baridi, analifunga, nami nanyanyuka nalifungua. Yeye hakumbuki kitu. Juzi mtoto alianza kulia chumba cha pili, usiku umeingia, na kuta za fleti hii ni nyembamba. Mwanangu akainuka haraka aende kumnyamazisha, asije akasumbua majirani.

Nilimshika mkono. "Mwache kwanza," nilimwambia. "Nimsikie."