Kikundi Nilichokataa Kukiacha

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa shule alinipa ufunguo wa chumba kilichonuka panya, akaniambia, "Fundi, humu kuna kompyuta zilizokufa. Ziandae zikatupwe." Shule yenyewe ilikuwa ya sekondari, karibu na soko la Mahoko. Nilikuwa nimerudi Rwanda na wazazi wangu kutoka Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa na kusomea ufundi wa umeme. Kinyarwanda changu kilikuwa na matege, Kifaransa sikuwa nacho kabisa, na pale shuleni mwanamke mwenye bisibisi mfukoni alitazamwa kama mtu aliyepotea njia.

Nilizifungua zile mashine moja moja. Hazikuwa zimekufa. Zilijaa virusi, na mfumo endeshi wake, yaani programu kuu inayoiamsha mashine na kuiongoza, ulikuwa wa kununua, na shule haikuwa na leseni. Mwalimu mmoja wa fizikia alikuwa na CD ya Linux. Huo ni mfumo endeshi ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuuchokonoa na kuwagawia wengine bila kumwomba mtu ruhusa. Nilipenda hapo kwenye kutoomba ruhusa. Nikarudi kwa mkuu wa shule nikamwambia sizitupi.

"Wewe umeajiriwa kutii au kubishana?" akauliza.

"Nimeajiriwa kutengeneza," nikamjibu. Akanitazama, akarudi kwenye kazi zake. Hakusema ndiyo, lakini na ufunguo hakuudai.

Mashine ziliamka, ila hazikuweza kuingia mtandaoni. Nilihangaika nazo mpaka nikakata tamaa, nikashuka Gisenyi mjini kwenye duka la intaneti, nikatafuta wa kumuuliza. Nikakuta kikundi cha soga cha watumiaji wa Linux, watu wa Goma, Bujumbura, Kampala, Bukoba na kwetu, wakiandikiana Kiswahili cha kila namna. Nilijiita Mzizi, kwa sababu kwenye Linux mwenye mamlaka yote juu ya mashine huitwa "root", yaani mzizi. Nikaeleza shida yangu kwa aya ndefu yenye adabu nyingi. Akanijibu mtu aliyejiita Pilipili, kutoka Goma, upande wa Kongo.

"Ndugu, huku hatuko kwa padri. Usiungame. Weka hapa ile maneno yote mashine inaandika, tuone."

Nikayaweka, maana nilikuwa nimeyanakili daftarini. Nikaongeza kwamba mimi si ndugu, ni dada.

"Ah, dada? Bon. Dada ao kaka, draiva yako iko mubaya." Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa fulani. Akanionyesha nyingine, nikaibeba kwenye flashi hadi Mahoko, na kabla giza halijaingia zile mashine zilikuwa mtandaoni.

Hivyo ndivyo tulivyojifunza kazi, nyinyi mnaosoma. Hatukuwa na chuo cha fani hiyo karibu. Tulikuwa na kikundi. Mtu alileta kosa lake hadharani, akachekwa kidogo, akasaidiwa sana, na kesho yake akamsaidia mwingine. Matusi madogo yaliruhusiwa, uongo haukuruhusiwa. Kuna mmoja alimwambia mwalimu mgeni wa Bukoba aandike amri fulani "kuongeza kasi", na amri ile ilikuwa ya kufuta kila kitu kwenye diski. Mwalimu alipoteza mitihani yote ya muhula. Nilikuwa nimekwisha kuwa msimamizi, nikamtoa yule mtani siku ile ile, na alipoomba kurudi nikakataa. Wengine waliona nimezidisha. Sikuona hivyo wakati ule, na leo pia sioni.

Kutoka Mahoko nilichukuliwa na kituo kidogo cha redio hapa Gisenyi, mali ya chama cha wakazi. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa padri mpole aliyeniachia studio yote. Niliweka Linux kwenye mashine ya matangazo, ile inayopanga nyimbo, taarifa na sauti za watangazaji na kuzipeleka kwenye mnara. Wavuvi walisikiliza bei za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, asubuhi, akina mama wa Bugeshi wakasikiliza habari za mbegu za viazi, na mashine haikunizimikia.

Padri alipohamishwa akaja mkurugenzi wa pili. Tulimwita Afande, maana alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wetu aliyekulia Uganda. Mtu mwaminifu, msafi wa kola, mwenye kuamini kwamba kila kitu lazima kiwe na mwenyewe. Akaniita ofisini.

"Mama, nasikia una kikundi kwenye simu. Kina watu gani?"

"Mafundi, Afande."

"Mafundi wa wapi?"

"Wa kila mahali. Wengi wako Goma."

Akaweka kalamu mezani. Hali ya mpakani ilikuwa mbaya wakati huo, na kila mtu alimtazama mwenzake mara mbili. "Unawaeleza watu wa ng'ambo mambo ya mashine yetu. Huwajui sura. Utatoka kwenye hicho kikundi leo."

"Siri za kituo sijawahi kuzitoa. Neno la siri halijui mtu ila mimi na wewe. Ninachouliza ni ufundi, na naujibu pia. Sitatoka."

"Hilo ni agizo."

"Nimelisikia, Afande. Sitatoka."

Nilijua ninachokifanya. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na mume mgonjwa, na ningeweza kusema ndiyo kisha nikabaki kikundini kwa jina jingine. Wenzangu ofisini walinishauri hivyo hivyo. Lakini watu wale ndio walionifundisha kila nilichokuwa nacho mikononi. Sikuwa tayari kuwakana kwa mdomo na kuwatumia kwa siri.

Afande hakunifukuza. Alinipeleka Bugeshi kulinda mnara wa kurushia matangazo, kule juu chini ya volkano, kwenye baridi, mahali ambapo fundi hana cha kutengeneza ila jenereta na uzio. Niliamka kabla ya jua, nikapanda njia ya miguu katikati ya mashamba ya viazi, nikakaa kwenye kibanda cha mabati na makoti mawili. Ng'ombe walikuja kuchungulia. Mtandao ulishika mahali pamoja tu, nyuma ya kibanda, nami nilisimama hapo kwenye upepo nikajibu maswali ya watu. Pilipili akaniuliza kwa nini siku hizi najibu kwa maneno mafupi. Nikamweleza.

"Mana we, Mungu wangu! Toka kwa kikundi, mama. Sisi tutakusamehe."

"Sijaomba msamaha," nikaandika. "Endelea na swali la printa."

Kisha ikaja wiki ya mitetemeko. Wenye umri wangu wa wilaya yetu hii ya Rubavu hawahitaji kuelezwa. Ardhi ilicheza mchana na usiku, kuta zikapasuka, watu wakalala nje na magodoro yao. Redio ndiyo iliyokuwa ikiwaambia wasirudi ndani ya nyumba zipi, maji yako wapi, watoto waliopotea wamepelekwa wapi. Asubuhi moja nikiwa mnarani, matangazo yalikatika. Nikakagua mtambo, mzima. Basi tatizo lilikuwa studio. Kabla sijapiga simu, Afande akapiga yeye.

"Umeme umekatika na kurudi, mara nyingi. Mashine haiwaki. Inaandika maneno kwenye skrini nyeusi na kusimama. Nimemtuma dereva akuchukue."

Nilimkuta amesimama uani kwenye jua, wafanyakazi wote wakiwa nje kwa kuogopa dari. Meza ya studio walikuwa wameshaitoa, yeye na mlinzi, na mashine imewekwa chini ya turubai. Nikaiwasha. Ilikuwa kama alivyosema. Umeme uliokatika ghafla ulivuruga mpangilio wa mafaili kwenye diski, kwa hiyo mashine ilifika nusu ya kuamka ikakwama. Amri ya kukarabati diski naijua. Lakini diski ile ilikuwa pia ikitoa mlio, na ukiikarabati diski inayokufa unaweza kuimalizia. Sikuwa na hakika nianze na lipi. Nikamtazama Afande.

"Nataka kuuliza kikundini," nikasema. "Sitajificha nyuma ya nyumba kuuliza. Nitauliza hapa, mbele yako."

Ardhi ikatikisika kidogo, turubai likapepea. Akatoa mkono. "Nipe hiyo simu. Wewe shika kibodi. Nitaandika mimi."

Akaandika, kwa kidole kimoja, kama anayetuma taarifa za vita. Pilipili alijibu mara moja. Goma nao walikuwa nje, ardhi ile ile ikiwachezesha.

"Anasema usikarabati kwanza," Afande akasoma. "Anasema, 'Ile mulio ni diski iko inalia kifo. Kopi kwanza. Uweke diski ingine kando, ukopi yote, kisha utengeneze kopi, usitengeneze mugonjwa.'"

Tulikuwa na diski ya akiba. Nikaiunganisha, nikaanza kunakili. Kazi ilienda polepole, na muda wote huo Afande alikaa kwenye kreti ya soda akisoma kwa sauti yaliyoingia kikundini. Mtu wa Kampala alikuwa na wazo la kuunganisha simu kwenye waya unaopeleka sauti mnarani ili taarifa zirushwe kwa muda, na tukalitumia. Mtangazaji akasoma majina ya watoto waliopatikana kupitia simu ya Afande mwenyewe. Katikati ya hayo Pilipili akaandika, "Huyu mwenye kuandika siyo Mzizi. Mzizi haandike muzuri hivi. We ni nani?"

Afande akasita, kisha akaandika jina lake na cheo chake chote.

"Karibu, mukubwa," akajibiwa. "Wambie mama asiguse umeme."

Nakala ilipokamilika nikaikarabati, mashine ikaamka, matangazo kamili yakarudi hewani kabla ya taarifa ya mchana. Watu wakashangilia. Mimi sikushangilia. Nikamwambia Afande, "Ulinipeleka Bugeshi mbele ya hawa wote. Nataka marufuku ile uiondoe mbele ya hawa wote." Mlinzi akatazama chini. Najua wengi wangesubiri siku nyingine, lakini mimi niliona siku nyingine itakuja na maneno mengine.

Akainuka kwenye kreti. "Marufuku ya kikundi imekwisha," akasema. "Mama anarudi studio." Akanirudishia simu. "Na mimi niingize humo, na usinitoe."

Hakutoka mpaka alipostaafu. Hakuandika tena, ila alikuwa akisoma.

Nami nimestaafu sasa. Katika hafla ya kuniaga, mkurugenzi wa sasa, kijana mwenye shahada nzuri, alisema kituo kitahamia kwenye mfumo wa kununua kwa sababu "unakuja na msaada". Nikasimama na soda yangu nikasema sikubaliani, nikaeleza kwa nini, kisha nikakaa nikala mchuzi. Uamuzi ni wake. Kunyamaza haikuwa sehemu ya mkataba wangu.

Nilidhani kazi imekwisha hapo. Kisha nikagundua kwamba Pilipili haandiki tena. Mwanzoni tulimtania kwamba ameoa tena. Siku zikapita, hata matusi yetu hakuyajibu. Tulikuwa tumefahamiana ujana wetu wote wa kazi bila kuonana uso kwa uso, yeye upande ule, mimi huku. Nikachukua kitambulisho changu, nikavuka kwenda Goma kwa Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha waendao kwa miguu, pamoja na akina mama wa mboga, nikauliza mtaa kwa mtaa kwa jina lake la kweli, Déogratias, fundi wa redio na simu.

Nilimkuta barazani, mzee mwembamba kuliko nilivyomdhania, amegeuzia uso ukutani. Presha ya macho ilikuwa imemaliza kuona kwake. Nilipojitambulisha alishika mkono wangu akaupapasa, kama anayekagua waya.

"Mzizi. Ulikuya kuniona, na mi siwezi kukuona. Kompyuta niliwapa watoto. Mi niko mutu wa kuzimika sasa."

"Sikuvuka mpaka kuja kukuzika," nikasema. "Iko wapi hiyo kompyuta?"

"Mama, uko na kichwa nguvu."

"Iko wapi?"

Mjukuu akaileta. Nikaweka programu inayosoma skrini kwa sauti. Ukiandika herufi inaitaja, ukisogea kwenye ujumbe inausoma. Sauti yake ya Kiswahili ni ya bati, haina pumzi. Déogratias akainamisha sikio.

"Iko inaongea kama mutu mwenye amefungwa ndani ya ndoo."

"Utamzoea. Weka vidole."

Hakutaka. Nikavichukua mimi vile vidole, nikaviweka juu ya vinundu viwili vya kibodi, kwenye F na J, pale fundi anapojua yuko wapi hata taa zikizimika. Akavisugua vile vinundu. Kisha vidole vikaanza kwenda vyenyewe. Kumbe kibodi haikuwa machoni mwake hata siku moja.

Akafungua kikundi. Sauti ya ndoo ikamsomea swali la binti mmoja wa Mwanza, ambaye kompyuta yake ilikuwa haitoi sauti na hakuna aliyemjibu tangu asubuhi. Déogratias akatikisa kichwa, akaandika jibu, akalituma.

"Waambie kilichokupata," nikamshauri.

"Hapana. Watanihurumia. Mutu ukimuhurumia, haubishane naye tena."

Hatukungoja sana. Kijana wa Bujumbura akaandika, na mashine ikasoma bila huruma yoyote: "Mzee, umekosea. Hiyo njia ni ya zamani."

Uso wa Déogratias ukakunjuka wote. Akavuta kibodi karibu na kifua. Jua lilikuwa limeshageukia upande wa ziwa, na mpaka hufungwa jioni, haumngojei mtu.

"Ya zamani?" akasema. "Mama, kaa kwanza. Huyu tumujibu."