Fundo la Majani kwenye Kilima cha Babu

Siku niliyolicheka fundo la majani naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu sikuwa na shaka hata kidogo. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Gitega, nikarudi kwa babu karibu na Mutaho nikiwa na swali kwa kila kitu. Nikiri tu: hata leo sijaacha.

Babu alikuwa na ng'ombe wanne. Kila Mei, mvua zikielekea kuisha, alifunga mafundo ya majani kuzunguka upande mmoja wa kilima. Wachungaji wote walijua maana yake: hapa msilishe. Mimi niliona ni ushirikina. Majani yamefika magotini, ng'ombe wanayatazama, halafu fundo ndilo liwazuie? Babu alipokwenda Gashoho kumwona dada yake kwa wiki mbili, nikawaingiza.

Aliporudi alikuta majani yameliwa mpaka udongo unaonekana. Bihogo, ng'ombe wetu mwekundu, alikuwa na mimba, na angezaa Agosti, jua likiwa kali. Majani yale yalikuwa akiba yake, tena yalikuwa bado hayajaangusha mbegu. Nikajitetea kwamba hakuna aliyenieleza.

"Wewe unauliza maswali mpaka kuku wanachoka," babu akasema. "Mbona mimi hukuniuliza?"

Basi kiangazi chote nilishuka bondeni kukata majani, nikayapandisha kwa baiskeli. Vijana wa barabarani wakanipa cheo. "Dokta, mgonjwa kaamkaje?" Bihogo alizaa ndama mdogo, miguu inatetemeka, na maziwa yakawa machache. Kwa siku kadhaa hatukujua kama ndama ataishi. Aliishi. Lakini kilima kilibaki na kipara hata mvua ziliporudi, na kwa misimu miwili babu hakuruhusu kwato pale. Mafundo nilifunga mimi.

Mwanangu, sikuambii uwatii wazee kwa kuwa ni wazee, wengine tunakosea. Uliza. Ila uliza kabla hujawaingiza ng'ombe, umuulize yule aliyefunga, na ukae mpaka amalize kujibu. Majani unayoona yamekaa bure huenda yanamngoja ambaye bado hajazaliwa.

Mungu akujalie kilima chenye majani mwezi wa Agosti, na mtu wa kukujibu kila utakapouliza.