Mkono wa Mpimaji

Mpimaji wa mpunga gulioni Tindiga alikuwa na desturi ambayo Regina aliipenda tangu wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao. Kabla ya kumimina, aliingiza kiganja ndani ya debe, akalipapasa polepole hadi kwenye kitako, kama mama anayemwogesha kichanga. Mfukoni mwa shati alibeba Agano Jipya lililofungwa kwenye nailoni, ila hakuna aliyewahi kumsikia akimhubiria mtu. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na Jumapili moja katekista aliposoma habari ya vipimo vya udanganyifu, Regina alimwona akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa kuazima.

Kesho yake asubuhi alifika kwa Regina akisukuma baiskeli, nyuma amefunga gunia dogo la mpunga wa shambani kwake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Karibu kiti.”

Hakuketi. “Debe nililokupimia msimu uliopita, tajiri wangu, yule mnunuzi, alikuwa amelipiga nyundo kitako kikafutuka, lipate kumeza zaidi. Leo nimemrudishia debe lake, na kazi yake. Huu mpunga ni wako.”

Regina akamhurumia. “Lakini baba, wewe hukujua.”

Mpimaji akakitazama kiganja chake, kikavu, chenye vumbi la makapi lisilotoka kwa sabuni. “Mkono ulijua, mama. Ulipogusa kitako, mimi ndiye niliyeuharakisha.”

Regina akaleta ungo, akaukinga. Mpimaji akamimina, kisha akaingiza mkono guniani, akapapasa polepole hadi kwenye pembe, asibakize hata punje.