Jembe la Bibi na Swali la Mwalimu

Mwalimu wetu wa darasa la saba alikuwa mgeni kutoka Mbeya, na alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Siku hiyo aliandika ubaoni maneno mawili, NAJUA na NAAMINI, akataka kila mmoja ataje jambo analolijua kabisa. Wenzangu walitaja jua, mahindi, ubatizo wao. Kisha mtoto wa jirani yetu akasimama.

"Najua nani alitutumia radi ikaua ng'ombe wetu."

Darasa zima likanigeukia.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, si mbali na Msanzi, watu wasiojuana wakichunguliana uani. Bibi mzaa baba, aliyeishi nasi, alikuja na desturi yake: ngurumo ikianza, hulitupa jembe nje ili radi ipite mbali. Kule tulikotoka hakuna aliyeshangaa. Hapa jirani aliona makali yameelekea kwake, na wiki hiyohiyo ng'ombe wake akafa. Mkutano wa kijiji uliitishwa, na mtu akishaitwa mchawi mkutanoni hana pa kukaa tena.

"Unajuaje?" mwalimu alimwuliza.

"Baba kaniambia. Aliliona jembe."

Niliruka juu. "Mwongo! Lile jembe ni la kujikinga!"

"Na wewe unajuaje?"

"Bibi kaniambia."

Mwalimu aligonga neno NAAMINI kwa chaki. "Basi nyote wawili mmeambiwa," akasema. "Mnaamini. Kujua bado."

Nadhani alitaka kumtetea bibi. Laiti angeona alichonipandia kichwani, angeufuta ubao ule upesi.

Jioni wingu likafunga. Bibi akachukua jembe, akaelekea mlangoni, nami nikajikuta natazama makali yataangukia upande gani. Akaniona. Nilimwogopa, nasema kweli, yeye yule aliyekuwa akinisongea ugali wa ulezi tangu nipate meno.

"Haya, mjukuu wangu, litupe wewe," akasema.

Sikunyoosha mkono. Akaliegemeza nyuma ya mlango, akaketi kando yangu. Radi ilipopasua anga alinishika mkono, na mkono wake ulitetemeka kuliko wangu. Niliona aibu, lakini moyo ukatulia: mwenye kutuma kitu hawezi kukiogopa hivyo.

Kesho yake mkutanoni nilisimama, nikawaeleza wazee habari za mkono ule. Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali, na mimi nikaanza kupumua. Ndipo mtoto wa jirani akauliza kutoka nyuma, kwa sauti ya mwalimu kabisa:

"Unajuaje kwamba hakujitetemesha?"

Watu wakaguna. Nilimtafuta mwalimu kwa macho. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Walimwambia bibi aondoke. Alifunga mzigo wake siku hiyohiyo, akarudi mahameni kwetu, kwenye nyumba tuliyoiacha bila paa, na masika hayajaisha. Baba alimsindikiza hadi mtoni. Jembe lilibaki nyuma ya mlango wetu, na kila iliponguruma nilijua kwamba huko aliko hana cha kutupa uani.