Kambare wa Prayong

Miaka thelathini Prayong alichuja maji ya mto kwenye kituo cha umeme wa gesi kinachowasha nusu ya Bangkok. Gesi hata iwake vipi, mitambo isipopozwa kwa maji inanyamaza. Kazi yake ilikuwa kusafisha chujio. Aliondoa magugu maji, aliondoa kandambili, na mwaka mmoja alikuta kitanda kizima kimenasa, mwenyewe juu yake anakoroma.

Mkewe Lamduan alipoanza kupumulia mashine nyumbani, Prayong alifanya wanavyofanya wenye wagonjwa: alinunua kambare hai sokoni akawaachia mtoni, uhai kwa uhai. Kila wiki wawili. Aliwaachia palepale kando ya chujio, maji yametulia, akawalisha mikate. Mwaka wa tatu walikuwa wamezaana mpaka basi, tena wanene, mmoja akicheua mashua inayumba.

Mchana mmoja wa Aprili, jua linachoma na jiji zima limewasha viyoyozi, kambare walifuata mkate wakaliziba chujio lote. Maji yakakatika, mitambo ikazima.

Jirani yao Jamnian akapiga simu: betri ya mashine ya Lamduan imebakiza dakika ishirini.

Msimamizi Wirot alifika anahema. "Watoe, mzee. Wote. Watupe hapo kwenye saruji."

"Hao ndio pumzi za mke wangu."

"Pumzi za mkeo zinapita kwenye waya, mzee wangu. Au tuwaombe kambare ruhusa?"

Prayong akashika wavu, akaingia majini hadi kifuani. Kila kambare aliyemtupa juu alifumbua mdomo na kuufumba, kama Lamduan siku walipompeleka hospitali. Mwanzoni alimwomba radhi kila mmoja. Kufika wa hamsini hana tena pumzi ya kusema, anatupa tu. Jamnian akapiga tena: betri imekwisha, anampepea kwa sinia, midomo inabadilika rangi.

Maji yakapita. Mtambo wa kwanza ukakohoa, ukashika. Barabara kubwa zikapewa umeme kwanza, hospitali, masoko; uchochoro wa kina Prayong ukawa wa mwisho kabisa. Alipanda kwenye saruji, akasimama na simu sikioni, akisikia sinia tu likipepea.

Kisha mashine ikalia. Baada ya muda mrefu, sauti ya Lamduan, nyembamba kama uzi.

"Mume wangu. Samaki wa leo umewaachia?"

Kambare mia kadhaa walikuwa wamemzunguka, wanakauka.

"Nimewaachia wote," alisema. Akapiga magoti kwenye saruji ya moto, akaanza kuwageuza mmoja mmoja, akitafuta anayepumua.